Umeme wa Gatini na Betri za Vyombo vya Majini

Historia ya kuchaji betri za mashua kwa umeme wa nchi kavu ni historia ya mtambo uliohama kutoka gatini hadi chomboni na, kwa vyombo vikubwa vya karne hii, ukaanza kurejea gatini. Mwaka 1838 Moritz Hermann von Jacobi alipoendesha mashua kwa umeme katika mto Neva, mjini Saint Petersburg, hakuhitaji msaada wowote wa nchi kavu, kwani seli zake zilipata nguvu kwa kula zinki, na zinki ilipokwisha ilibidi ibadilishwe. Hali hiyo ilibadilika baada ya Mfaransa Gaston Planté kubuni, mwaka 1859, betri ya mabamba ya risasi yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfuriki, ambayo ikiisha nguvu huweza kurudishiwa kwa kupitishiwa umeme upya. Mwaka 1881 Camille Faure aliyapaka mabamba hayo kinyunga cha oksidi ya risasi, hatua iliyorahisisha utengenezaji wa betri hizo viwandani.

Tangu hapo chombo cha umeme kikawa tegemezi kwa nchi kavu. Katika mto Thames nchini Uingereza, kampuni ya Moritz Immisch ilianza mwishoni mwa miaka ya 1880 kukodisha mashua za umeme kwa watu waliotaka kustarehe mtoni, na pamoja nazo ikalazimika kujenga vituo vya kuchajia, kwa sababu sehemu kubwa ya kingo za mto haikuwa na umeme. Ramani ya watalii ya mwaka 1893 ilionyesha vituo vinane vya aina hiyo kati ya Kew na Reading. Katika vituo vya namna hiyo dainamo ilizalisha mkondo mnyoofu, yaani umeme unaotiririka upande mmoja tu, ambao ndio pekee unaoweza kuchaji betri. Mashua yenyewe haikubeba chaja, na safari zake zilifuata mpangilio wa vituo.

Injini za petroli, ambazo mafuta yake yaliweza kubebwa kwenye madebe, ziliuvunja utegemezi huo, na betri ikabaki na kazi ya kuwasha injini na taa. Wakati huohuo miji mingi ilichagua mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, ambao hauwezi kuchaji betri moja kwa moja bila kupitia rektifaya, kifaa kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu. Rektifaya ya zebaki iliyobuniwa na Peter Cooper Hewitt mwaka 1902 ilikuwa chombo cha kioo kisichofaa kuyumbishwa na mawimbi, lakini diodi za silikoni, zinazofanya kazi hiyohiyo na zilizoenea kuanzia miaka ya 1950, zilikuwa ndogo na imara kiasi kwamba chaja nzima iliweza kufungwa ndani ya mashua, gati likabaki na kazi ya kutoa soketi tu.

Urahisi huo ulikuja na madhara yake. Waya wa ethi, ambao hupeleka ardhini umeme uliovuja ili usimdhuru mtu, huziunganisha pia metali za mashua zote zilizochomekwa katika gati moja, na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme, metali hizo huwa kama betri moja ambamo alumini ya mashua hii huliwa huku shaba ya mashua ile ikihifadhika. Humphry Davy alikuwa ameitumia kanuni hiyohiyo mwaka 1824, alipopendekeza vipande vya zinki au chuma vilinde mabati ya shaba ya meli za kivita za Uingereza. Dawa mojawapo ya tatizo hilo la gatini ni transfoma ya kutenganisha, ambayo hupitisha nguvu kwa njia ya sumaku bila waya wa nchi kavu kugusana na wa chombo.

Mwaka 2015 kivuko cha Ampere kilianza kubeba magari kati ya Lavik na Oppedal nchini Norwei kwa nguvu ya betri peke yake. Kwa kuwa kilikaa gatini kwa takriban dakika 10 tu, na gridi ya vijiji hivyo haikuweza kutoa umeme mwingi kwa ghafla, betri nyingine ziliwekwa kwenye kila gati, zijazwe polepole wakati kivuko kikiwa safarini. Waendeshaji wa kivuko hicho walikabiliwa na sharti lilelile lililomkabili Immisch, kwamba ratiba ya chombo cha umeme hupangwa kwanza na uwezo wa gati.