Uwanja Uliotangulia Mtaa

Wapenzi wa mbio za farasi wa Baltimore, Marekani, wana jina la utani la uwanja wao wa Pimlico: Old Hilltop, yaani kilimani pa kale. Mgeni akifika hapo na kutafuta kilima, hakioni. Kilikuwapo. Kilikaa katikati ya duara la mbio, na enzi za magari ya kukokotwa matajiri walipanda juu yake wakatazama mashindano wakiwa wamekaa. Kasoro yake ni kwamba kiliwaziba macho watu wa majukwaani. Farasi wakifika upande wa pili walimezwa na kilima, na mtu aliyekwisha kuweka dau lake akabaki kuhesabu pumzi mpaka watokeze tena. Mwaka 1938 kilichongwa kikasawazishwa. Jina halikuchongwa, na hiyo ndiyo tabia ya Pimlico tangu mwanzo: chenyewe huondoka, jina likasalia.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mezani. Mwaka 1868, mjini Saratoga katika jimbo la New York, tajiri mmoja aitwaye Milton Sanford aliwakaribisha wenzake chakula cha usiku. Waliposhiba, wakaafikiana kwamba farasi wao waliokuwa bado wachanga washindanishwe baada ya miaka miwili, kwa zawadi ya dola 15,000. Oden Bowie wa Maryland, ambaye alikuwa amekwisha kuchaguliwa gavana, akadakia kuwa mashindano yaje kwake Baltimore naye atahakikisha uwanja upo. Nyuma yake kilisimama Maryland Jockey Club, chama kilichoasisiwa mwaka 1743, wakati Marekani haijawa nchi. Zikanunuliwa ekari 70 magharibi ya kijito cha Jones Falls kwa dola 23,500, na ujenzi ukala dola 25,000. Tarehe 25 Oktoba 1870 uwanja ukafunguliwa. Mashindano yale ya mezani yakaitwa kwa asili yake, Dinner Party Stakes, na aliyeshinda ni farasi wa Sanford mwenyewe, jina lake Preakness.

Kwa heshima ya farasi huyo, mwaka 1873 yakaanzishwa mashindano ya Preakness, miaka miwili kabla ya Derby ya Kentucky ambayo dunia inaijua zaidi. Walikimbia farasi saba, na Survivor akawaacha wenzake kwa urefu wa farasi kumi. Na Preakness mwenyewe? Aliuzwa Uingereza kwa Mtemi wa Hamilton. Uzeeni farasi huyo akawa mkali, na bwana wake alikuwa mkali kuliko yeye. Inasimuliwa kwamba siku moja walipokorofishana, mtemi alichukua bunduki akampiga risasi. Kila Mei Wamarekani hutamka jina la mnyama aliyeuawa kwa hasira za mwenye mali, na sidhani kama wengi wao wanalijua hilo.

Siku hizo pale Pimlico palikuwa shamba tu. Uwanja ulizungukwa na nyasi, mahindi na barabara ya udongo, na watazamaji walitoka mjini asubuhi wakarejea jioni. Walikuja hata wakubwa. Tarehe 24 Oktoba 1877 Bunge la Marekani liliahirisha kikao ili waheshimiwa waende Baltimore kuwatazama Parole, Ten Broeck na Tom Ochiltree wakitoana jasho. Parole akashinda. Lakini fedha hazikudumu kama sifa. Baada ya mbio za 1889 chama kiliishiwa, Preakness ikahamia Morris Park, New York, mwaka 1890. Miaka mitatu iliyofuata haikukimbiwa kabisa, kisha kuanzia 1894 hadi 1908 ikawa inafanyika Gravesend, Brooklyn. Miaka 15 mfululizo! Mwaka 1909 ndipo ikarudi nyumbani. Msomaji aiweke kando habari hii ya Gravesend, kwani tutaihitaji.

Katika mbio ile ya 1889 mshindi aliyeitwa Buddhist aliendeshwa na George Anderson, kijana Mweusi waliyempa jina la utani la Spider. Mwaka 1898 Willie Simms, Mweusi pia, akashinda Preakness ya Gravesend akiwa juu ya Sly Fox. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Wazungu waliwabana wapanda farasi Weusi mpaka wakatoweka viwanjani, na tangu Simms hakuna Mmarekani Mweusi aliyeshinda Preakness akiwa mgongoni mwa farasi. Weusi walibaki mabandani, wakisugua, wakilisha na kutembeza farasi wa wengine. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtaa unaouzunguka uwanja huo baadaye ulikuja kuwa wa Weusi.

Mtaa wenyewe, Park Heights, uliletwa na tramu. Reli zilipopanda kaskazini-magharibi, nyumba zikafuata: nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, kila moja na kibaraza chake mbele na ngazi chache za kushukia barabarani. Uwanja ndio mkongwe, nyumba ndizo zilizouhamia. Wakazi waliojaa kati ya vita viwili vya dunia walikuwa Wayahudi waliotoka mitaa ya mashariki ya mji. Hawakuwa na uchaguzi mpana. Hati za viwanja katika vitongoji kadhaa vya kifahari ziliwakataza wenye nyumba kuwauzia Wayahudi wala Weusi. Kwa Weusi Baltimore ilizidi: mwaka 1910 baraza la mji lilipitisha sheria ya kutenga makazi ya Weusi na Wazungu barabara kwa barabara, ya kwanza ya aina yake nchini humo, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za namna hiyo mwaka 1917.

Siku kubwa kuliko zote ya uwanja ule haikuwa ya Preakness. Ilikuwa Jumanne, tarehe 1 Novemba 1938, mwaka uleule wa kuchongwa kilima. Walikabiliana farasi wawili tu: War Admiral, mshindi wa mataji yote matatu makuu ya mbio za Marekani mwaka uliotangulia, na Seabiscuit kutoka pwani ya magharibi, mfupi, magoti yake yamepinda. Aliyewakutanisha ni Alfred Vanderbilt, mkuu wa Pimlico. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mpanda farasi wa Seabiscuit, George Woolf, aliingia uwanjani kwa miguu gizani akakanyaga udongo hatua kwa hatua. Mvua ilikuwa imeulainisha. Mguu wake ukagusa mfuo mgumu, alama ya gurudumu la trekta iliyoshindiliwa, akaufuata duara zima mpaka akaukariri. Kesho yake watu wapata 40,000 walisongamana kiwanjani na wapata milioni 40 wakatega sikio redioni. Seabiscuit alitangulia, akapitwa kidogo, akafyatuka tena, akashinda kwa urefu wa farasi wanne. Nimesoma habari nyingi za mbio hizo. Hakuna kinachonikaa moyoni kama yule mtu peke yake usiku, akipapasa ardhi kwa nyayo.

Vita vilipokwisha, mtaa ukabadilika mkono. Katika miaka ya 1950 na 1960 madalali waligundua biashara ya hofu. Dalali humpangisha au kumuuzia mtu Mweusi nyumba moja, kisha hugonga milango ya majirani Wazungu na kuwanong'oneza kwamba thamani itaporomoka, heri wauze leo. Huwanunulia kwa bei ya kutupa, akawauzia Weusi kwa bei ya kuruka, mara nyingi kwa mikataba ya mafungu ambayo mnunuzi akikosa fungu moja hupoteza kila kitu. Wayahudi wakasogea juu, kaskazini ya barabara pana ya Northern Parkway. Weusi wakabaki kusini yake na uwanja, pamoja na Hospitali ya Sinai iliyohamia jirani na uwanja mwaka 1959. Viwanda vya mji vikafungwa, ajira zikaondoka, na nyumba zikaanza kupigiliwa mbao madirishani.

Kwa hiyo, hadi 2025, Jumamosi ya tatu ya Mei, siku ya Preakness, ilikuta majirani wa aina mbili. Juu ya Northern Parkway, Wayahudi washika dini walikuwa katika sabato yao. Hawaendeshi magari, huenda sinagogi kwa miguu, wanaume na makoti meusi, watoto nyuma, kandokando ya foleni ya magari ya watu wenye kofia za mapambo. Chini yake, siku hiyo ilikuwa ya mavuno. Mwenye ua mbele ya nyumba aliugeuza maegesho, na bango la boksi lililoandikwa bei kwa mkono lilisimamishwa ukingoni mwa barabara tangu alfajiri. Kibarazani kulikuwa na jiko la mkaa, kuku anageuzwa, maji baridi yamo kwenye beseni la barafu.

Vijana nao walikuwa na kazi yao. Watazamaji wa bei rahisi, wanaokaa nyasini katikati ya duara, waliruhusiwa kuja na vinywaji vyao, na masanduku ya bia yaliyojaa barafu ni mazito. Basi vijana wa Park Heights walipata matoroli ya supamaketi, wakajipanga mahali magari yanapoegeshwa, wakakubaliana bei, wakayasukuma masanduku hadi langoni huku mwenye mali akitembea mikono mitupu. Ilikuwa biashara ya siku moja isiyohitaji leseni wala mtaji. Huko nyasini, hata hivyo, ulevi ulivuka mipaka, hadi watu wakawa wanakimbia juu ya mapaa ya vyoo vya kukodi huku wenzao wakiwatupia makopo. Mwaka 2009 wenye uwanja wakapiga marufuku kuingia na pombe. Walikuwa na haki yao. Lakini matoroli yale nayo yakakosa mzigo, na wa kuwafidia vijana hakuwapo.

Kote huko, mapambo hayakukoma. Mshindi huvishwa shada la maua yanayodaiwa kuwa ya jimbo la Maryland, yale ya manjano yenye kitovu cheusi. Ua hilo halichanui kabla ya Juni, kwa hiyo kwa miaka mingi walichukua maua mengine wakayatia rangi nyeusi katikati. Na punde tu matokeo yanapothibitishwa, mchoraji hupanda ngazi hadi kwenye kibanda kidogo chenye dira ya upepo, akampaka farasi wa chuma na mpandaji wake rangi za mshindi. Kibanda nacho ni nakala; jengo la asili liliungua Juni 1966.

Majukwaa yakachakaa. Mwaka 2017 waliingia watu 140,327, rekodi ya uwanja. Miaka miwili baadaye viti zaidi ya 6,000 vikafungwa kwa kuwa jukwaa halikuaminika kubeba uzito. Kampuni iliyomiliki uwanja ilitaka Preakness ihamie Laurel, kati ya Baltimore na Washington. Mji ukaenda mahakamani mwaka 2019, ukililia urithi usiohamishika. Hapo ndipo Gravesend inapotukumbusha kuwa urithi huo ulikwisha kuhama na kurudi. Hoja nzito zaidi walikuwa nayo watu wa vibarazani: tukipoteza uwanja, nani tena atakuwa na sababu ya kuja kwetu? Tayari sehemu ya mapato ya mashine za kamari za Maryland, zilizoidhinishwa kwa kura ya 2008, hupelekwa Park Heights kwa sababu ya kuwa jirani wa uwanja.

Mwaka 2024 jimbo likauchukua uwanja kwa dola moja na kuidhinisha dola milioni 400 za kujenga upya. Tarehe 17 Mei 2025 Preakness ya 150 ikakimbiwa mbele ya majukwaa ya kale, Journalism akashinda, na kiangazi hichohicho mashine zikaanza kubomoa. Preakness ya 2026 ikapangiwa Laurel, kwa ahadi ya kurudi 2027.

Uwanja mpya umekusudiwa kuwa na mbio zaidi ya siku 100 kwa mwaka, maana mashindano ya jimbo zima yatakusanywa hapo. Wapangaji wa serikali wanalihesabu hilo kuwa neema kwa mtaa. Mwenye bango la boksi ana hesabu nyingine. Siku ya kawaida ya mbio huja watu mia kadhaa, wanaegesha ndani bure, na hakuna anayehitaji nyasi za mtu.