Pori Haliko Baharini

Meli ndogo ya kitalii imesafiri usiku kucha kutoka Unguja, na alfajiri Mafia inaanza kuonekana. Kiongozi wa watalii anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba leo abiria watatazama "wanyamapori wa baharini". Abiria wengine wanakimbilia kamera. Mpenda maneno anabaki kitini akijiuliza: pori lenyewe liko wapi?

Neno wanyamapori limebeba makazi ndani yake, na makazi hayo ni nchi kavu. Linamtosha tembo, linamtosha swala. Likivuka ufuko linapwaya. Waingereza hawana tabu hiyo kwa sababu neno lao, wildlife, hutaja uhai usiofugwa, popote ulipo. Atakuja mtu na wanyamabahari. Kisarufi halina kosa, ila linanuka kamati. Kwangu viumbe wa baharini linatosha, ingawa humo wataingia hata majongoo bahari.

Mvuvi wa Kilindoni, huko Mafia, hana haja ya neno la jumla. Akiona kivuli kirefu chenye madoa meupe kikipita kando ya ngalawa, husema potwe, basi. Kati ya Oktoba na Machi potwe husogea karibu na pwani hiyo akifuata uduvi, kinywa wazi, akichuja maji. Ni papa, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Huweza kuzidi meta 12. Ukimwita "papa nyangumi", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, msomaji hajui kama anasoma habari za samaki au za mnyama anyonyeshaye. Wanasayansi walimwingiza vitabuni mwaka 1828, baada ya mmoja kuchomwa chusa Table Bay, Afrika Kusini. Wavuvi wa Kenya wana jina jingine, papa shilingi: husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye mno, akawapa malaika sarafu wammwagie mgongoni, nazo zikawa madoa yake. Nalo ni istilahi hasa, kwani watafiti wa leo humtambua potwe mmoja na mwingine kwa mpangilio wa madoa hayo hayo.

Kasa nao wana majina yao, na ni uvivu kuwafunga wote katika fungu moja. Ng'amba ndiye mwenye gamba lililofanyiwa biashara kwa karne nyingi. Noa hana gamba gumu, ana ngozi.

Jina linalonitia wasiwasi ni nguva. Mtaje mbele ya kijana wa mjini, atakuonyesha picha ya msichana mwenye mkia wa samaki. Nguva wa kweli ana pua butu na mdomo ulioelekea chini, hulisha majani ya bahari, huibuka kuvuta pumzi, na hunyonyesha. Huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya mwingine. Jarife likimnasa, huzama akafa kwa kukosa hewa. Katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa amekuwa adimu mno; kundi kubwa lililobaki upande huu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji. Abiria wa meli yetu hawatamwona leo, na hakuna kiongozi mwaminifu atakayewaahidi. Ni vigumu kuwaomba watu wamlinde mnyama wanayedhani ni wa hadithi. Hata wanasayansi hawakunusurika na ndoto hiyo: kundi lake waliliita Sirenia, kwa jina la viumbe wa hekaya za Wagiriki waliowapumbaza mabaharia kwa nyimbo.

Basi wewe unayeandika kijitabu cha watalii, au unayetafsiri filamu ya watoto, yule msichana mtafutie jina lake, hata akiitwa binti samaki hatalalamika. Nguva mwachie mnyama.