Mikono Iliyoshika Mwiko

Katika magofu ya Gede, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, nyumba zina majina. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, na nyingine iliyopewa jina la ushanga wa Venice. Wenyewe waliozijenga na kulea watoto humo waliziita vingine, na majina yao yamepotea. Haya ya sasa yalianza kutolewa baada ya mwaka 1948, James Kirkman alipoanza kuufukua mji huo uliokuwa umemezwa na msitu. Nyumba ilichukua jina la kitu kilichopatikana ndani yake.

Kilipatikana, lakini na nani? Mkasi ulioliwa na kutu na kufunikwa na kifusi cha dari hauonwi kwanza na mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo na daftari mkononi. Huonwa na aliyechuchumaa chini, anayekwangua udongo kidogo kidogo na kuujaza kwenye karai. Yeye ndiye anayejua kwamba sakafu ya chokaa hulia tofauti chini ya chuma, na kwamba udongo ukibadilika rangi mkono lazima utulie. Gede, mtu huyo alikuwa kibarua wa vijiji vya jirani. Hakuna nyumba iliyoitwa kwa jina lake.

Akiolojia ya pwani ya Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa kwa majina ya mabwana waliosimamia kazi: Kirkman na Gede yake, Neville Chittick na Kilwa, Mark Horton na Shanga. Ukiisimulia kwa kuifuata ile mikono iliyochimba, unapata historia nyingine. Ni historia ya watu walioanza kwa kuitwa kufanya kibarua, na ambao leo, penye kazi iliyofanywa vizuri, huendewa kwanza ili watoe ruhusa.

Kifaa chenyewe ni mwiko, ule ule wa mwashi. Kiswahili kimeweka neno hilo moja kwa kifaa na kwa jambo lililokatazwa, na katika magofu ya pwani maana zote mbili hukutana. Mji uliohamwa si kiwanja kitupu. Gede hadi leo wapo Wamijikenda wanaoingia kufanya matambiko. Magofu mengi ya Kiswahili yana makaburi ya masharifu na wazee, na watu huyazuru kwa dua na ubani. Mgeni anayefika na mwiko wa chuma anaingia moja kwa moja katika mwiko wa wenyeji, ajue asijue.

Kazi hii ina ukoo mrefu, na ukitafuta mzee wake utampata Tendaguru, bara ya Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, nchi ikiwa bado haijapona majeraha ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Katika misimu mikubwa wafanyakazi walifikia mia kadhaa. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyesifika kwa jicho na mkono wake katika kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Wapagazi waliibeba mizigo kwa miguu, safari ya siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Mifupa ya uzito wa zaidi ya tani 200 ikavuka bahari, na kiunzi kimoja kilichojengwa kutokana nayo kimesimama katika jumba la makumbusho la Berlin kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Ilipofika mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Karibu karne nzima ilikuwa imepita.

Dinosaria si magofu, lakini utaratibu wa kazi ulikuwa ule ule ulioenea baadaye: msimamizi mgeni, mnyapara mwenyeji, vibarua wa kutwa, na vitu vilivyopatikana kwenda kusomwa mbali.

Kilwa Kisiwani iliupokea utaratibu huo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Chittick alipoanza uchimbaji ulioendelea hadi katikati ya miaka ya 1960. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane lililoelekea bahari, lilitoka katika vichaka. Msikiti Mkuu ulisomeka hatua kwa hatua, kuanzia ule mdogo wa karne ya 11 hadi upanuzi wa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Kitabu cha Chittick kuhusu Kilwa, kilichotoka mwaka 1974 katika majuzuu mawili, bado hakikwepeki kwa yeyote anayeuchunguza mji huo.

Hata hivyo, maelezo ya vizazi vile vya wachimbaji yalielemea upande mmoja. Kirkman alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 The Arab City of Gedi, mji wa Waarabu, na jina hilo linaonyesha fikra ya wakati ule: kwamba miji ya mawe ililetwa na wageni, na Waafrika walikuwa pembezoni mwake. Fikra hiyo ilitokana kwa sehemu na pale mwiko ulipoelekezwa. Walichimba misikiti, majumba na makaburi ya mawe, wakahesabu vigae vya China na vya Uajemi. Nyumba za miti na udongo, ambamo wengi waliishi, ziliachwa chini. Na waliochimba waliombwa nguvu zao, mara chache maarifa yao.

Maarifa yalikuwepo. Kilwa ina hadithi mashuhuri ya Ali bin al-Hasan, Mshirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka. Ilikwisha kuandikwa katika tarehe ya Kilwa ya karne ya 16, na haijatoka katika vinywa vya watu. Wasomi waliisikia sehemu ya Mshirazi wakaikazia macho. Lakini hadithi yenyewe inasema jambo jingine waziwazi: kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye aliyepokea nguo.

Mageuzi yalikuja miaka ya 1980. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa na kukuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi akafikia alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, ya kwanza ikiwa ya karne ya 8. Mji wa Kiislamu wenye biashara ya ng'ambo ulikuwa umekua kutoka kijiji cha miti na udongo, na vyungu vyake vilikuwa vya ufinyanzi wa pwani na bara ya karibu. Watu wa Siyu, ambako zipo koo zinazojiita Washanga, walikuwa wakisema siku zote kwamba mji ule uliohamwa yapata mwaka 1425 ni wa wazee wao.

Wakati huo huo wenyeji walianza kuingia katika kazi kwa mlango wa mbele. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Felix Chami akazifuata jamii za wakulima na wafua chuma wa pwani ya Tanzania kama mizizi ya Uswahili. Kenya, George Abungu alichimba Ungwana karibu na delta ya Tana, na Chapurukha Kusimba akaanza kazi Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Kwa watafiti hao, mwanakijiji aliyesimama kando ya shimo alikuwa mtu wa kuulizwa: chungu hiki mnakiitaje, jiko huwekwa upande gani wa nyumba, kwa nini kaburi hili liko ndani ya ua.

Mahali panapoonyesha vizuri faida ya maswali kama hayo ni Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa. Mji wake uliishi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, na umeacha nyumba zaidi ya 40 za matumbawe, misikiti sita, makaburi na ukuta. Kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza uchimbaji ambao haukuishia kwenye kuta. Walichunguza pia viwanja vilivyoonekana vitupu kati ya nyumba, na humo zikatokea dalili za nyumba za udongo. Chini ya nyumba moja ya mawe walikuta akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300. Na kandokando ya makaburi walipata sarafu na vijiwe vyeupe vilivyoachwa na waliozuru wafu wao zama zile. Kwa wanakisiwa hilo halikuwa fumbo. Kuzuru makaburi ya pale hakujakoma.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini: bahari ilikuwa ikila ufuo, mizizi ikipasua kuta. Zilitoka mwaka 2014. Waliofanya kazi ya kuzitoa hatarini kwa mikono yao ni wanavisiwa, chini ya idara ya serikali ya Tanzania na wafadhili wa nje. Walifyeka vichaka, wakapanda mikoko, wakarudisha mawe mahali pake. Chokaa ilichomwa kwa namna ya zamani, vipande vya matumbawe vikipangwa juu ya tanuri la magogo. Saruji ya dukani ni ngumu mno kwa ukuta wa matumbawe. Huzuia unyevu kutoka na kuupasua ukuta. Fundi aliyejifunza chokaa kwa wazee wake alikuwa na jibu ambalo maabara lazima iliheshimu.

Penye mtihani mkubwa ni kaburini. Mifupa ya kale inaweza kueleza nasaba, maradhi na chakula, lakini kwa Waislamu wa pwani kumfukua maiti ni jambo zito, na hakuna kibali cha wizara kinacholipunguza. Kusimba alifanya kazi na jamii za pwani kwa takriban miaka 40. Makaburi yalifunguliwa baada ya ruhusa kupatikana, na sehemu ya makubaliano ilikuwa kwamba sampuli zichukuliwe na wafu wazikwe tena ndani ya msimu ule ule wa kazi, bila mifupa kukaa miaka katika makabati ya makumbusho.

Matokeo yalichapishwa Machi 2023 katika jarida la Nature, yakihusu chembe za urithi za watu 80 wa kale kutoka sehemu kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wa waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa upande wa mama. Upande wa baba ulikuwa na asili kubwa ya Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Mshirazi wa hadithi ya Kilwa alikuwapo, basi, na mwenyeji aliyepokea nguo alikuwapo pia. Watafiti walitahadharisha kwamba makaburi yaliyofunguliwa yalikuwa zaidi ya wenye nafasi, waliozikwa karibu na misikiti. Watu wa nyumba za udongo, wale waliotokea katika viwanja vya Songo Mnara, bado hawajazungumza kwa mifupa yao.

Gede nayo iliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa na makao yake hapo. Wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo, hivyo msitu uliosimama unakuwa na maana mezani kwao, na magofu yanakuwa na majirani wenye sababu ya kuyalinda.

Msimu wa uchimbaji unapokwisha, kila shimo hufukiwa. Kwanza hutandikwa kitambaa au plastiki chini kabisa, ili atakayechimba miaka hamsini ijayo ajue mwenzake aliishia wapi. Kisha udongo uliokwisha kuchekechwa hurudi kwa karai zile zile, ukimwagwa na watu wa kijiji waliouchota mwanzoni. Penye kaburi huja kwanza dua, na wanaoshika mwiko husimama pembeni wakingoja mpaka imalizike.