Kura ya komini: ni nini, na inamsaidia nini mkaaji?

Wakaaji wengi wanajua kura ya rais na ya wabunge. Kura ya komini inajulikana kidogo, lakini ndiyo iliyo karibu sana na nyumba ya mtu.

Katiba ya 2006 inasema miji, komini, sekta na usultani zinajiongoza zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaonyesha namna gani. Raia wanachagua washauri wa komini. Washauri hao ndio wanachagua mkuu wa komini na msaidizi wake, na pia washauri wa mji, ambao wanamchagua meya. Kwa hiyo, asiyechagua mshauri anaacha wengine wamchagulie hata meya.

Kazi ya baraza la komini ni mambo ya kila siku: soko, taka, mifereji ya maji, barabara ndogo za mtaa. Baraza linapitisha bajeti. Mama anayelipa ushuru sokoni kila asubuhi ana haki ya kumuuliza mshauri wake: franga zetu zimefanya kazi gani?

Washauri wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo tarehe 20 Desemba 2023, katika miji mikuu ya mikoa peke yake. Huku kwetu ilikuwa Goma, na komini zake mbili, Goma na Karisimbi. Lakini Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na maofisa wa jeshi na polisi walishika nafasi za viongozi wa raia. Kuchagua ni hatua moja. Amani ndiyo inayompa mchaguliwa nafasi ya kufanya kazi.

Na Muheto? Mwaka 2023 wakaaji wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura juu ya vita, hata ile ya wabunge. Washauri wa sekta na wa usultani, kama Osso, Katoyi, Bashali na Bahunde kule Masisi, ao Bakano na Wanyanga kule Walikale, bado hawajachaguliwa hata mara moja.

Ndiyo maana sherti kujitayarisha. Mpiga kura ni Mkongomani mwenye miaka 18 na zaidi, aliyeandikwa na CENI. Kujiandikisha ni bure. Mkimbizi wa ndani ni raia kama wengine, haki yake haibaki kijijini. Kadi ichungwe vizuri, maana inatumika pia kama kitambulisho. Siku ya kura, mtu yuko peke yake mbele ya mashine: hakuna anayeona chaguo lake, hata yule aliyemgawia chumvi ao kikwembe.

Kipindi cha washauri ni miaka 5. Chumvi inaisha kwa juma moja.