Mstari wa Ujamaa na Paa la Nikolaiviertel

Nyumba ya kale ya Wairaqw, katika nyanda hizi za Mbulu na Karatu, ilianza na mlima. Ilichimbwa katika mteremko, paa lake la udongo likakaribiana na ardhi, watu na mifugo wakalala humo pamoja, na adui aliyepita karibu aliweza asiione. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 haikuwa na nafasi kwa nyumba iliyojificha. Ujamaa ulitaka nyumba zionekane, zihesabike, zipangwe kwa mstari.

Mstari huo haukuwa wetu peke yetu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume aliwaita wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mpango wao wa 1968 ndio uliozaa majumba marefu ya Michenzani, yaliyosimama palipobomolewa nyumba za Ng'ambo. Ajabu ni kwamba nchi hiyo hiyo baadaye iliuchoka mstari kwao nyumbani.

Berlin Mashariki ilipojiandaa kuadhimisha miaka 750 ya mji huo mwaka 1987, msanifu Günter Stahn alikabidhiwa mtaa wa Nikolaiviertel, ulioteketea katika Vita Kuu ya Pili. Akaujenga upya kwa vichochoro na mapaa ya pembetatu, lakini kuta nyingi zikiwa vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani. Hata kilabu cha kale, Zum Nussbaum, kiliigwa na kuwekwa hapo, ingawa asili yake ilikuwa kisiwa cha jirani. Usanifu wa namna hii huitwa wa baada ya usasa. Huko Magharibi mara nyingi ulikuwa mzaha wa wasomi. Katika ujamaa uliochoka, naona, ulikuwa jaribio la kuazima mizizi.

Kwetu Walutheri jambo hili lina uchungu wake. Katikati ya mtaa huo limesimama Kanisa la Mtakatifu Nikolai, alikohudumu tangu 1657 Paul Gerhardt, yule mtunzi wa nyimbo za kanisa. Minara ilirudishwa, kuta zikarudishwa. Ibada, iliyokuwa imekoma tangu kabla ya Vita, haikurudi: jengo likafunguliwa kuwa makumbusho.

Hapa Endamarariek nasi tumeanza kusikia pendekezo la kujenga tembe la saruji, liwe kumbukumbu ya wazee. Silipingi. Nauliza tu, ndugu zangu, ni nani atakayelala humo, na ng'ombe wake watafungwa wapi?