Vibao vya namba za magari vya Ujerumani: ukusanyaji na utambuzi

Ukusanyaji wa vibao vya namba vya Ujerumani ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kuhifadhi vibao vya usajili wa magari ambavyo havitumiki tena barabarani. Thamani ya kibao haiko katika kung'aa kwake bali katika habari zinazosomeka juu yake: gari lilisajiliwa wapi, katika kipindi gani, na mara nyingi hata mwezi ambao ukaguzi wake ungeisha.

Historia

Kuanzia 1906 Dola la Ujerumani lilikuwa na utaratibu wa pamoja. Tarakimu ya Kirumi ilitaja nchi mwanachama, kama I kwa Prussia na II kwa Bavaria, ikifuatwa na herufi ya eneo. IA ilikuwa Berlin. Baada ya Vita Kuu ya Pili, alama zilifuata mgawanyo wa majeshi yaliyoikalia nchi. Kibao cheusi chenye herufi nyeupe AB kilitoka Bavaria, iliyokuwa chini ya Wamarekani. Ujerumani Magharibi ilianzisha utaratibu wa sasa tarehe 1 Julai 1956, na baada ya muungano wa 1990 ukaenea hadi mashariki.

Herufi za mahali

Kibao huanza na herufi moja hadi tatu za mji au wilaya: B ni Berlin, M ni München, HH ni Hamburg, mji wa Hansa. Herufi hizo peke yake hazitoshi kumaliza utambuzi. L ilitumiwa na wilaya ya Lahn-Dill, jimbo la Hessen, hadi 1990, kisha ikapewa Leipzig. Panapokuwa na utata, hutazamwa muhuri wa usajili, kwa kuwa hubeba nembo ya jimbo: Hessen au Sachsen.

Umbo la maandishi

Hadi miaka ya 1990 herufi zilifuata kiwango cha DIN 1451, chenye mistari iliyonyooka na maumbo yanayofanana. Kuanzia 1995 yaliingia maandishi ya FE, yaliyobuniwa na Karlgeorg Hoefer ili kuzuia ughushi. Yakawa ya lazima kwa vibao vipya mwaka 2000. Kila herufi ina umbo lake, hivyo P haigeuzwi R kwa kuongeza mstari, na sifuri ina mwanya upande wa juu kulia unaoitofautisha na O.

Tofauti hiyo ni msaada mkubwa. Mji wa Wanne-Eickel, wenye alama WAN, uliunganishwa na Herne mwaka 1975 na alama ikaacha kutolewa. Mwaka 2012 alama za zamani ziliruhusiwa tena. Kwa hiyo WAN ya DIN ilitolewa kabla ya muungano huo, na WAN ya FE ni ya 2012 au baadaye.

Stika na rangi

Stika ya mviringo ya ukaguzi hubandikwa kwenye kibao cha nyuma. Tarakimu ya katikati ni mwaka, na ile iliyo juu kabisa ni mwezi wa mwisho. Rangi sita hupokezana: waridi, kijani, chungwa, buluu, manjano na kahawia. Stika ya pembe sita kwenye kibao cha mbele ilikuwa ya ukaguzi wa moshi, ulioanza 1985. Haikubandikwa tena kuanzia 2010.

Herufi H mwishoni huonyesha gari la kihistoria lenye umri wa miaka 30 au zaidi, na E gari la umeme. Maandishi ya kijani ni ya magari yaliyosamehewa kodi; mekundu yanayoanza na 06 ni ya wafanyabiashara wa magari.

Upatikanaji na uhifadhi

Gari linapofutwa kwenye usajili, ofisi huharibu mihuri na kumrudishia mwenye gari vibao vyake. Huko ndiko vingi huanzia safari ya kubadilishana na kuuzwa. Chama cha wakusanyaji cha ALPCA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1954, kina wanachama katika nchi nyingi.

Kibao kioshwe kwa maji na sabuni nyepesi tu. Kukisugua, kukipaka rangi upya au kubandua mabaki ya stika hufuta ushahidi wa tarehe na jimbo, na hasara hiyo haifidiki.