Mfungo wa Kwaresima, Kabla na Baada ya 1966

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakajenga misheni yao Bagamoyo, waliukuta mji ambao wenyeji wake, kwa kuwa ni Waislamu, waliijua saumu tangu enzi za mababu. Hivyo Mkristo aliyejizuia kula hakuwa kioja machoni pa jirani yake, ingawa kanuni za mifungo hiyo miwili zilihitilafiana sana. Kwani sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1917 ilimwajibisha Mkatoliki aliyetimiza miaka 21, mpaka aingie wa 60, ashibe mara moja tu kwa siku katika Kwaresima yote, isipokuwa Jumapili, wala maji hakukatazwa. Na nyama aliiacha Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa na Jumamosi, lakini samaki aliruhusiwa, jambo ambalo, nadhani, lilimpunguzia mtu wa pwani sehemu kubwa ya taabu. Mwezi Februari 1966 Papa Paulo VI aliipunguza faradhi hiyo, akabakiza siku mbili tu za kufunga, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, huku akihimiza sala na sadaka. Kwa rai yangu, sheria mpya ni ngumu kuliko ile ya kale, maana imemwachia kila mmoja ajipimie mwenyewe.